Chumvi ya barabarani: kuongeza kilo si kuongeza nguvu. Wanaomwaga usiku tukutane hapa

#1 Lori la Usiku (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za baridi.

Uzi huu ni wa wale wanaomwaga chumvi barabarani, kwenye maegesho na kwenye vijia wakati wa theluji. Pia ni wa yeyote aliyewahi kujiuliza kwa nini barabara moja imemwagiwa chumvi hadi imekuwa nyeupe na bado inateleza, wakati ya pili imepata kidogo tu na lami inaonekana. Nimeendesha lori la chumvi misimu kadhaa. Chumvi nyingi niliyomwaga msimu wa kwanza iliishia mtaroni bila kuyeyusha chochote, na inaniuma hadi leo kwa sababu hakuna aliyenieleza mapema haya ninayotaka kuwaeleza.

La kwanza kabisa: chumvi haikuletwa kuyeyusha barafu yote. Kazi yake ni kuibandua barafu kutoka kwenye lami ili plau, lile jembe la chuma la mbele ya lori, ipite na kuizoa. Ukilishika hilo, mengine yote yanafuata.

Ukitaka kuliona kwa macho, chukua sinia la bati, mimina maji ya kimo cha nusu kidole, yaache yagande. Kisha dondoshea punje chache za chumvi nene, usiziguse. Baada ya muda utaona kila punje imejichimbia kishimo chake na inazama wima kama msumari unaopigiliwa taratibu. Ikigusa bati, maji ya chumvi yanaanza kutambaa pembeni, kati ya bati na barafu. Juu bado ni barafu ngumu. Lakini ingiza ncha ya kisu pembeni, nyanyua: kipande kizima kinabanduka kama gamba. Barafu uliyoyeyusha ni kidogo sana, ila ni ile iliyokuwa imeshikilia. Barabarani kisu ni plau.

Ndiyo maana plau hutangulia na chumvi hufuata. Ukimwaga juu ya theluji ya kimo cha kiganja, chumvi inahangaika na theluji ambayo chuma kingeiondoa kwa mpito mmoja, halafu plau inayofuata inaizoa theluji pamoja na chumvi yako na kuirundika kando.

La pili: chumvi kavu peke yake haifanyi kitu. Inahitaji unyevu igeuke maji ya chumvi, na maji hayo ndiyo yanayokataa kuganda kwenye sifuri. Yenye chumvi 5% kwa uzito huganda karibu na nyuzi −3 za Selsiasi. Yenye 10%, karibu −6.5. Ukifika 23.3% unashuka hadi −21, na hapo ndipo mwisho wa ngazi. Ukizidisha, hali inageuka: maji yaliyoshiba chumvi kabisa, ya 26% hivi, huanza kutoa fuwele yakikaribia sifuri, nazo zinaziba mabomba na pua za kunyunyizia.

Wengi wakisikia −21 wanadhani wana ruhusa ya kumwaga hadi −21. Hapana. Barabarani kila tone la barafu linaloyeyuka linaizimua chumvi yako. Angalieni kilo 1 ya chumvi inaweza kuyeyusha barafu kiasi gani: kwenye nyuzi −1 ni takribani kilo 46. Kwenye −7 ni kilo 8 na nusu hivi. Kwenye −12 haifiki kilo 5. Kwenye −18 ni kilo 3.7 tu, tena polepole mno. Chumvi ni ileile, lori ni lilelile, tofauti ni nyuzi chache. Ndiyo maana vikosi vingi huichukulia −9 kuwa kikomo cha chumvi ya kawaida, na kikomo hicho ni cha joto la LAMI, si la hewa.

Hapo ndipo nilipoangukia. Usiku mmoja taarifa ya hali ya hewa ilisema −4. Mawingu yakatawanyika, anga likawa jeupe la nyota, na lami ikaanza kupoteza joto lake kwenda juu. Sikuwa na kipimo cha lami. Nilipofika kwenye daraja nikaona barafu haiguswi, nikafungua zaidi kilango cha kushushia chumvi, nikamwaga mara mbili ya kawaida. Niliporudi alfajiri punje zilikuwa zimekaa juu ya barafu kavu kama kokoto, magurudumu yamezisukumia kwenye kingo. Mwenzangu alipokielekeza kwenye lami kipimo chake cha infraredi, kinachosoma joto bila kugusa, kilisoma −13. Gari dogo lilikuwa limeshateleza na kujibamiza kwenye ukingo wa daraja. Dereva alitoka mzima, nashukuru Mungu. Kosa lilikuwa langu, na kuongeza chumvi hakukulipunguza.

Daraja hupigwa na baridi juu na chini, halina ardhi ya kulipatia joto, hivyo huganda kabla ya barabara iliyolala juu ya udongo. Siku hizi daraja nalipima kwanza, kabla ya kufungua kitu chochote.

Nitaendelea na kulowesha chumvi, kuwahi barafu, na kupima mashine. Karibuni mchangie.

---

#2 Jembe Mbele

Mkuu asante, hii ya sinia nitamwonyesha kijana ninayemfundisha. Sisi bado tunamwaga kavu. Msimamizi amesikia habari za kulowesha chumvi inapotoka kwenye lori na anataka kununua matangi. Je, faida ipo kweli, au tunaongezewa mzigo wa mabomba ya kuziba?

---

#3 Lori la Usiku

Mkuu, ipo, tena hii ndiyo ningeanza nayo kama ningeruhusiwa kitu kimoja tu.

Fuata lori linalomwaga chumvi kavu, ushushe kioo. Utasikia punje zinavyogonga lami na kuruka, na kwenye taa utaziona zinakimbilia majanini. Majaribio yaliyofanywa Michigan yanatajwa sana kwenye kazi hii: chumvi kavu takribani 30% ilitoka nje ya barabara, iliyoloweshwa ikapotea takribani 4% tu. Yaani kati ya malori kumi ya chumvi kavu, matatu yanalisha nyasi.

Faida ya pili ni muda. Punje kavu lazima kwanza itafute unyevu, na kadiri baridi inavyozidi ndivyo unyevu unavyokuwa adimu. Punje iliyolowa inaanza kazi inapotua.

Kiasi chenyewe si kikubwa. Wengine hutia lita 30 hadi 40 za maji ya chumvi kwa tani moja, yananyunyizwa chumvi ikiwa inashuka kwenye kisahani cha kurushia. Ujerumani na majirani zake wamezoea kiwango kizito zaidi, wanakiita FS 30: sehemu 70 chumvi kavu, sehemu 30 maji ya chumvi kwa uzito. Huo ni kama uji mzito, unanata pale ulipoangukia.

Kutengeneza maji hayo si kazi ngumu. Lita 1,000 za maji, chumvi kilo 304, unapata 23.3%. Ila usikisie kwa macho wala kwa ulimi. Tumia kipimamaji cha kuelea. Kikisoma takribani 1.18, yaani uzito mara 1.18 ya maji matupu, uko mahali pake. Kikizidi, ongeza maji, la sivyo ndiyo hayo mabomba ya kuziba unayoyaogopa.

Na punguza mwendo. Ukizidi kilomita 40 kwa saa, hata iliyoloweshwa inaanza kutawanyika.

---

#4 Ngazi na Vijia

Kaka, mimi sina lori. Ninasimamia watu wanaosafisha ngazi na vijia vya majengo. Kwetu shida ni mbili. Moja, vijana wanamwaga kwa koleo, rundo hapa rundo pale, na asubuhi watu wanaikanyaga na kuiingiza ndani. Mbili, muuzaji anatusukumia kalsiamu kloraidi na kitu cha rangi ya kahawia anachosema kimetoka kwenye viazisukari, eti kinashinda chumvi zote. Tumwamini?

---

#5 Lori la Usiku

Dada, la rundo umeshalijibu mwenyewe. Punje zikae mbalimbali, kila moja itoboe kishimo chake na maji yake yakutane na ya jirani chini ya barafu. Zikirundikana zinayeyusha shimo moja, mengine ni uchafu wa kufagia. Kuna vigari vidogo vya kusukuma vyenye kisahani kinachozunguka, hata vya kushika mkononi. Na ile inayobaki kavu baada ya barafu kuondoka, fagieni muirudishe kwenye ndoo. Ni nzima.

Kalsiamu kloraidi ina sifa zake za kweli. Chumvi ya kawaida inapoyeyuka hunyonya joto kidogo, kalsiamu kloraidi hutoa joto. Pia huvuta unyevu wa hewani yenyewe, kwa hiyo haisubiri. Mchanganyiko wake bora huganda karibu na −51, na wa magnesiamu kloraidi karibu na −33. Kwenye baridi kali zinafanya kazi chumvi ya kawaida ikiwa imeshakata tamaa. Lakini ghali, zinaacha sakafu ya ndani na utelezi, na zote mbili hushambulia saruji kwa kemia yake, mbali na ule uharibifu wa maji kuganda na kuyeyuka. Kwa ngazi za zege ningeziweka akiba ya siku za baridi kali. Kila siku, hapana.

Hicho cha kahawia ni maji mazito yanayobaki baada ya kutengeneza sukari ya viazisukari. Kinachofanya vizuri ni kuinatisha chumvi kwenye lami na kupunguza kutu. Kikichanganywa na maji ya chumvi kinaushusha kidogo mstari wa kuganda. Kwa hiyo ni msaidizi. Anayekwambia kinashinda chumvi zote anauza. Na kikifika mtoni, vijidudu vinakila na katika kukila vinamaliza oksijeni ambayo samaki wanaihitaji, basi kisimwagwe ovyo eti kwa sababu kimetoka shambani. Huko Wisconsin wamewahi kutumia hata maji ya chumvi yanayobaki viwandani kwenye kutengeneza jibini. Hilo nalipenda, maana ni chumvi ambayo ingetupwa.

---

#6 Zamu ya Alfajiri

Wakuu, mimi naomba nipinge kidogo. Kwetu walituletea habari ya kuwahi, yaani kunyunyiza maji ya chumvi barabarani saa kadhaa kabla theluji haijashuka. Ikatutokea puani. Mara ya kwanza ilianza mvua, ikaosha yote, halafu joto likashuka ghafla na barabara ikawa kioo. Mara ya pili upepo ulikuwa unapeperusha theluji kavu kutoka mashambani. Ilikuwa inapita zake tu juu ya lami kavu, lakini ilipokutana na maji yetu ikanasa na kugandamana. Tangu siku hiyo wenzangu hawataki kusikia.

---

#7 Lori la Usiku

Mkuu, wala hupingi, umetaja siku mbili ambazo kuwahi hakufai kabisa, na ningetaka kila anayesoma azikariri. Mvua ikitangulia, usinyunyize. Theluji kavu ya kupeperushwa na upepo kwenye lami baridi na kavu, iache lami ibaki kavu. Ongeza ya tatu: lami ikiwa tayari chini ya −9 au hivi, na inazidi kushuka.

Lakini siku zilizobaki ni nyingi. Umande ugandao wa alfajiri, theluji nyepesi inayokuja lami ikiwa −2 au −3, hapo hakuna kitu kinachoshinda kuwahi. Unatumia takribani lita 50 hadi 120 kwa kilomita ya leni moja. Maji yanakauka, inabaki tabaka jembamba la chumvi limeshika kwenye vinyweleo vya lami. Theluji ya kwanza ikitua inageuka maji ya chumvi hapohapo chini, na barafu haipati mahali pa kushika. Kuzuia isishike hula chumvi kidogo sana kuliko kuibandua ikishashika. Mara nyingi ni kama robo yake.

Tena nyunyizeni kwa mistari, kutoka kwenye pua zilizonyooka, msiloweshe leni nzima. Kati ya mstari na mstari lami ibaki kavu, tairi lipate pa kushika wakati maji bado hayajakauka. Ukiona barabara yenye michirizi myeupe iliyonyooka kama daftari, mtu amewahi.

---

#8 Mpima Maji

Habari zenu. Mimi siendeshi lori, napima maji ya vijito na visima. Naomba mniruhusu niseme upande wangu kwa sababu kila mtu hapa anasema "imeishia mtaroni" kana kwamba mtaro ndio mwisho.

Kloraidi, ile sehemu ya chumvi ninayoipima kwenye maji, haiozi. Haili kitu, hailiwi na kitu, inakwenda na maji. Marekani, kikomo cha kloraidi kwa viumbe wa maji baridi wanaokaa nayo muda mrefu ni miligramu 230 kwa lita. Fanyeni hesabu nami: kilo 1 ya chumvi ina kloraidi gramu 607 hivi. Gawanya kwa 230. Kilo hiyo moja inatosha kuyafikisha maji safi lita 2,600 kwenye kikomo. Lori linalobeba tani 8 linabeba uwezo wa kuharibu lita milioni 20.

Na si kwamba inapita na kuisha masika. Maji yenye chumvi ni mazito, yanazama chini ya ziwa. Irondequoit Bay, karibu na Rochester, New York, chumvi ya barabarani iliwahi kuzidi hadi maji ya chini yakagoma kuchanganyika na ya juu majira ya kuchipua kama ilivyo kawaida, na maji ya chini yasipopanda hayapati hewa. Mimi hupima vijito katikati ya kiangazi, joto limewaka, na bado naikuta chumvi, kwa sababu imekaa ardhini na inatoka kidogokidogo na maji ya chemchemi.

Siwaambii muache. Nimewahi kulala hospitali kwa kuteleza, najua chumvi inaokoa watu. Naomba tu msimwage kilo isiyofanya kazi.

---

#9 Lori la Usiku

Mpima Maji, asante sana, hesabu hiyo ya lita 2,600 naibandika kwenye dashibodi.

Basi niseme la mashine, ambalo naona ndilo linalorukwa zaidi kuliko yote. Jimbo la New Hampshire lilianza kujaribu chumvi mwaka 1938, na hadi leo kuna madereva wanaoweka kilango "kama kawaida" bila kujua kawaida hiyo ni kilo ngapi.

Leni yenye upana wa mita 3.5, urefu kilomita 1, ni mita za mraba 3,500. Ukitaka gramu 10 kwa mita ya mraba unahitaji kilo 35. Ukitaka gramu 20, kilo 70. Ukienda kilomita 40 kwa saa, kilomita moja ni dakika moja na nusu. Kwa hiyo lori lako linatakiwa kushusha kilo 23 kwa dakika kwa kiwango cha kwanza, 47 kwa cha pili. Sasa lisimamishe uani, toa kisahani, tandika turubai, washa mkanda unaoshusha chumvi kwa dakika moja kamili, pima kilichoanguka kwenye mizani. Fanya mara tatu kwa kila alama ya kilango. Ni asubuhi moja ya kazi.

Na chumvi iwe imehifadhiwa chini ya paa, juu ya sakafu isiyopitisha maji. Iliyonyeshewa inaganda mabonge, mabonge yanaziba kilango, na rundo linavuja chumvi ardhini bila hata kufika barabarani.

---

#10 Ngazi na Vijia

Na ikifika −20 jamani? Kuna asubuhi hata hiyo kalsiamu inatushinda.

---

#11 Lori la Usiku

Dada, hapo acha kuyeyusha, tafuta mshiko. Mchanga. Haubandui kitu, lakini kiatu na tairi vinashika. Ubaya wake unapeperuka upesi na masika unaziba mitaro. Norway na Sweden wana njia ninayoipenda: wanachanganya mchanga na maji ya moto ya nyuzi 90 na ushee wakati wa kumwaga. Mchanga ukitua, maji yanayeyusha barafu kidogo, kisha yanaganda papo hapo na kuufunga mchanga juu ya barafu kama msasa. Kwa ngazi zenu, hata mchanga ulionyunyiziwa maji ya moto kwa mkono unashika kuliko mkavu. Ila pima kiasi cha maji, usigeuze ngazi kuwa bwawa.

---

#12 Jembe Mbele

Nimerudi, wakuu. Leo asubuhi tumepima lori letu la zamani, lile lisilo na kompyuta. Alama ya kilango tunayoitumia siku zote, ambayo tuliambiwa ni gramu 20, imeshusha kilo 71 kwa dakika. Mara tatu, tofauti haikufika kilo 2. Kwa mwendo wa 40 ni gramu 30 kwa mita ya mraba. Halafu kijana wangu akauliza, mbona mjini tunakwenda 30 na kilango ni hichohicho? Tukapiga hesabu tena. Dakika mbili kwa kilomita, kilo 142. Gramu 40. Mara mbili ya tulichodhani, msimu baada ya msimu.

Msimamizi amekaa kimya muda mrefu akiangalia turubai. Tunafanyaje kesho? Inatabiriwa theluji nyepesi, lami −3.

---

#13 Lori la Usiku

Mkuu, hongera kwa kupima, na mpe kijana huyo mkono kwa niaba yangu.

Kesho fanya hivi. Shusha kilango hadi kilo 35 kwa dakika, hiyo ni gramu 20 kwa mwendo wenu wa mjini. Chora alama mpya kwa rangi kwenye ubavu wa kilango, ile ya zamani ifute kabisa, mtu wa zamu nyingine asirudie. Plau itangulie. Ukimaliza mzunguko wa kwanza usimwage tena mara moja. Simama mahali salama, toka, gusa kwa kisigino cha kiatu. Kama theluji imekuwa kama uji na inasogea ukiisukuma, chumvi bado inafanya kazi, pitisha plau tu. Ikianza kukauka na kushika, hapo ndipo unamwaga mara ya pili.

Na ukifungua rundo jingine la chumvi, rudia turubai. Yenye unyevu inashuka tofauti na kavu.